Usiku wa Russia

Anti alinipigia saa tatu usiku nikiwa juu ya paa la ploti yetu Nyalenda, mkono mmoja umeshika antena niliyoiunda kwa tepu ya fundi seremala, mwingine ukifukuza wadudu wa ziwani waliojaa kwenye skrini ya laptopu. "Uko wapi?" Netiweki ilikuwa inakatika-katika. Nikapaza sauti: "Paani, anti! Niko na Russia, nitakesha!" Simu ikaisha chaji.

Kisumu, Russia si nchi. Ni hospitali kuu, waliyotujengea Wasovieti miaka ya 60, na hata baada ya kupewa jina la Jaramogi, watu bado wanaiita Russia.

Mimi nilikuwa nawinda setilaiti za Wasovieti. Mwaka 1966 mwalimu Geoffrey Perry na wanafunzi wake wa Kettering, Uingereza, walikifichua kituo cha siri cha Wasovieti cha kurushia setilaiti, Plesetsk, kwa kusikiliza redio tu, nami nikajiona wa ukoo huo. Wasovieti walikuwa na setilaiti za kupimia umbo la dunia. Maana dunia ina kitambi: ukipima kutoka katikati, Ikweta imeipita ncha kwa kilomita 21 hivi, na sisi wa Kisumu tumekaa karibu na kitovu. Zile za Geo-IK, zilizoanza kurushwa 1981, zilitumia megahezi 150 na 400. Ishara ya setilaiti huteleza: inakuja na sauti ya juu, ikikupita inashuka, kama honi ya matatu.

Yangu haikushuka. Iling'ang'ania palepale dakika 40, hadi jirani wa chini alipochomoa chaja yake.

Nikahamia setilaiti zao nyingine, Etalon mbili za mwaka 1989. Nikazitegea sikio mpaka majogoo. Ndipo nikakumbuka kusoma maelezo yake: kila moja ni mpira wa kilo 1,415 uliobandikwa vioo zaidi ya 2,000 vya kurudisha miale ya leza. Redio haina. Nimekesha nikisikiliza kioo.

Saa moja asubuhi nikachaji simu, ikalia papo hapo. Anti alikuwa amemaliza wodi zote za wanaume, chupa ya uji mkononi, akiulizia kijana aliyeanguka kutoka paani.

Nikamweleza. Setilaiti, Wasovieti, kitambi cha dunia, vyote. Akanyamaza kidogo.

"Uji nimempa mgonjwa wa kitanda cha dirishani," akasema. "Na huyo Russia uliyekesha naye, akupikie chai."