Skrini Bila Jina

Karibu kila skrini ya kisasa huja na kitambulisho chake, EDID: angalau baiti 128 zenye herufi 3 za mtengenezaji, mwaka wa kutengenezwa, hata upana kwa sentimita. Ukichomeka waya tu, kompyuta inakisoma. Halafu Windows, baada ya kusoma yote hayo, mara nyingi huiorodhesha skrini hiyo kama “Generic PnP Monitor”. Yaani ni skrini, na imechomekwa. Ahsante kwa taarifa!

Linux nayo haijambo: tundu lile lile la skrini, kernel (kiini cha mfumo) inaliita HDMI-A-1, programu ya xrandr inaliita HDMI-1, na ukibadili draiva huenda likawa HDMI1. Kistari kimoja kimetoweka, skripti ya jana iliyotegemea jina hilo imekufa. Jamani wataalamu, kitambulisho mnacho mkononi, kisomeni basi.