Raba Yangu Haipitishi Tone

Egesha Volkswagen ya mwaka 1966 isiyo na madigadi kando ya Mtaa wa Gerezani uone Kariakoo ilivyojaa wataalamu. Muuza maji atakusimulia ile ya mjomba wake iliyokuwa ikipanda Lushoto na watu saba. Mpita njia mwenye bunda la vitenge atachungulia mbele aulize injini kaiba nani. Mwingine atamjibu kwamba iko nyuma, na mjadala utaendelea vizuri tu bila wewe mwenye gari.

Nilikuwa natafuta boneti. Kijana wa spea kule Shaurimoyo aliapa: "Inaingia, bosi. Hizi gari zote moja." Kwa macho, hakudanganya; umbo lile liliendelea kuundwa mpaka la mwisho lilipotoka kiwandani Mexico, Julai 2003. Ila kwenye modeli ya 1968 bampa zilipandishwa juu, boneti ikafupishwa ili kuzipisha. Niliyouziwa ni hiyo fupi. Juu ilikaa sawia, chini ikaacha upenyo wa kuingia panya na familia yake. Muuzaji alipoitwa aliutazama kwa furaha: "Si ndiyo itapata hewa!" Hewa ya nini, na injini iko nyuma? Ndefu ilipopatikana, bei yake nayo ilikuwa ndefu.

Fundi bodi wangu huniita "bosi" siku ya malipo, siku nyingine zote mimi ni "mzee". Ufundi wake siubishii. Mlango huuning'iniza kwanza bila raba, skrubu za bawaba zikiwa zimelegea, kisha huunyanyua kwa goti huku akipitisha kipande cha kandambili ukingoni kote, mahali raba itakapokaa. Kikikwama, bawaba inasogezwa. Kikipwaya, inasogezwa tena. Kandambili ile ilikuwa ya msaidizi wake, ambaye alishinda akirukaruka kwa mguu mmoja kwenye lami ya saa saba mchana.

Kioo cha mbele ndicho kilichokusanya watu. Raba huvishwa kwanza kwenye kioo, kamba ikalazwa ndani ya mfereji wake, ikapakwa maji ya sabuni. Msaidizi akaketi ndani akivuta kamba polepole ili mdomo wa raba uvuke bati, huku fundi akigonga kioo kwa kiganja kutoka nje. Muuza maji akaja kusukuma upande ambao hakuna aliyemwomba. Kamba ilipotoka yote, watu wakashangilia kama Simba imefunga.

Basi, raba zote mpya, milango imekaa sawia, na bado mlango haufungi. Ukiubamiza unarudi. Wakajaribu kwa bega, kwa nyonga, kwa dua. Kumbe gari limeziba mno, hewa ya ndani haina pa kutokea. "Shusha kioo kwanza, mzee," fundi akasema, na mlango ukajifunga kwa mlio mtamu wa kitajiri.

Ndivyo ninavyolifunga hadi leo: nashusha kioo, navuta mlango, kisha nazungusha mkono wa kioo, mgumu kupita kiasi, mpaka kipande juu. Aprili, masika ilinikuta pale Msimbazi nikiwa katikati ya zoezi hilo. Nililowa mpaka soksi. Nilipompigia fundi kumlalamikia, aliniuliza maji yameingilia wapi.

"Dirishani."

"Sasa hilo siyo la kwangu, mzee. Raba yangu haipitishi tone."