Namna ya Kurekodi Mahubiri Yasisikike

Mtumishi, umepewa kiti cha nyuma kabisa ya kanisa, miksa yenye vitufe kibao, na waumini wasiojua hata kimoja kina kazi gani. Hayo ni mamlaka. Usiyachezee kwa kurekodi vizuri.

1. Anza na simu. Iweke kwenye benchi la mwisho, chini ya feni. Kila umbali kutoka mdomoni mwa mchungaji ukiongezeka mara mbili, sauti inayokuja moja kwa moja hupungua kama desibeli 6, kwa hiyo mahubiri yakikufikia, feni ndiyo mhubiri. Kanisa likiwa la mabati na mvua ya Mwanza ikaamua kushuka, hata feni huihitaji.

2. Wakikulazimisha uchukue sauti kwenye miksa, kaa mbali na kitufe cha geini. Ndicho kinachoamua maiki iingie na nguvu kiasi gani. Kiache chini, halafu fungulia amplifaya mpaka madirisha yatetemeke. Kata nzima ya Kirumba itaokoka. Rekodi haitapata kitu, kwa sababu amplifaya iko mbele ya spika, si mbele ya rekoda.

3. Hapa ndipo mafundi wa kweli hujulikana. Matundu mengi ya miksa hutoa sauti ileile kwenye nyaya mbili, mmoja ukiwa umegeuzwa kinyume, ili kelele za njiani zijifute. Wewe chomeka waya wa stereo, upeleke kwenye rekoda. Kushoto sauti, kulia kinyume chake. Ukivaa hedifoni unasikia, tena unatikisa kichwa kwa kuridhika. Sasa bibi yuko kwenye meli ya Ukerewe na simu yake ya spika moja: pande mbili zinakutana, zinafutana, na saa nzima ya Neno inageuka kuwa mngurumo wa injini. Hakuna atakayekushuku. Kwako ilisikika!

4. Mchungaji akipaza "Haleluya!" na taa nyekundu ikawaka, shusha haraka. Usirudishe. Atakaponong'ona sala ya toba, atasikiwa na Mungu peke yake, na kwani si ndiye aliyeambiwa?

5. Mkutano wa injili ukiwa viwanja vya Furahisha, vua sponji ya maiki. Upepo wa ziwa utakupa sababu ya kushusha kila kitu.

6. Jumatatu grupu la WhatsApp litachachamaa. Itisha maombi kabla hujagusa waya: "Wapendwa, mitambo yetu inashambuliwa." Akijitokeza mbishi, msingizie YouTube: ni kweli hupunguza sauti zilizozidi, ila yako haikuzidi, na mbishi wako hilo halijui. Mchungaji mwenyewe mweleze kwa upole kwamba upako ulikuwa mzito mno, maiki ikashindwa kuubeba. Sijaona mchungaji aliyeikataa taarifa hiyo.

7. Hatari iliyobaki ni kijana wa kwaya mwenye macho makali. Ataegemea miksa na kuuliza, "Kaka, hii geini mbona iko sifuri?" Mshukuru mbele za watu, mpigie makofi, kisha mteue mwenyekiti wa kamati ya mitambo. Mambo ya kununua maiki mpya yatamshughulisha hadi Pasaka.