Stima Ikienda na Mvua

Mvua ya masika huko Migori na Homa Bay haiji peke yake. Kati ya Machi na Mei, joto la mchana huinua unyevu wa Ziwa Victoria, mawingu yakajazana, na jioni radi ikapiga, mti ukalalia waya, stima ikaenda zake. Si kila mara mvua ndiyo yenye kosa: Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, nchi ikaingia gizani, naye akatoka mzima.

Giza likiingia, mwenye nyumba kwanza hutoka nje kuchungulia kwa jirani. Kwa jirani nako kukiwa giza, moyo hutulia. Kukiwa na mwanga, basi tokeni za stima zimekwisha, na simu ya kuzinunulia ina chaji asilimia mbili. Ndipo tochi hutafutwa. Hupatikana pia, ila betri zake zilihamia kwenye rimoti tangu Krismasi. Dawa ni msumari karibu na mlango, tochi itundikwe hapo, na betri zake zisiazimwe hata ikichezwa fainali.

Mshumaa husimama kwenye sahani ya bati, si kifuniko cha plastiki, mbali na pazia na neti ya mbu. Koroboi haiongezwi mafuta ikiwa inawaka. Wakati huo, aliye mjini Homa Bay akitazama ziwani huona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa majini, utadhani mji umehamia huko.

Jiko la makaa halina mzaha. Likiingizwa chumbani kufukuza baridi ya mvua, hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyoonekana wala kunuka, inayoua watu usingizini. Jiko hubaki nje penye hewa, hata kama ugali utachelewa. Jenereta nalo hulala nje. Anayelificha ndani kwa kuhofia wezi amemkaribisha mgeni mbaya kuliko mwizi.

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi yapata saa 48. Mbuta aliyegandishwa angefika kesho kutwa salama, lakini kila baada ya dakika kumi kuna mtu anayefungua kumjulia hali.

Televisheni huchomolewa mawingu yakianza kujikusanya. Radi ikishaanza kupiga, iache ife yenyewe. Nyaya hazishikwi tena. Waya ulioanguka njiani hauguswi, wala hausukumwi kwa fimbo, hasa iliyolowa. Watoto huzuiwa mbali, na kampuni ya umeme hupigiwa simu.

Kabla ya kulala, swichi zote huzimwa, ibaki ya balbu moja ya kuleta habari. Nyumba inayosahau hujulikana saa tisa usiku: stima inarudi, redio inapiga kelele, mtaa mzima unashangilia, na pasi iliyoachwa mchana juu ya shati la shule inaendelea na kazi yake.