Kwa Mheshimiwa Rekta: "Wote" Ni Nani?

Kwa Rekta wa chuo kikuu chochote cha Bukavu. Jina la chuo halitajwi kwa sababu halina haja. Serikali ina Chuo Kikuu Rasmi, Wakatoliki wana chao tangu 1989, Waprotestanti wana chao Panzi, na vingine vipo. Kila kimoja kina ukuta wake, lakini matangazo yao ya umoja yanafanana kama mapacha.

Tangazo limesomwa, nalo limependeza. Karatasi nyeupe, muhuri wa buluu, sahihi iliyojizungusha mara tatu. Linasema chuo ni jamaa moja na kinakumbatia wanafunzi wote bila ubaguzi. Limebandikwa kwenye valve, yaani ubao wa matangazo, juu kidogo ya listi ya wale ambao hawajamaliza minervali, ada ya masomo, na ambao siku ya mtihani watatolewa nje. Gundi haikutosha, kwa hiyo pembe ya umoja imeanguka na kufunika majina matatu ya wadaiwa. Hao ndio waliokumbatiwa mpaka sasa.

Rekta anaikumbuka Februari 2025. Tarehe 14 waasi wa M23 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye walikuwa katikati ya mji. Benki zikafunga. Mtoto wa mtaa wa Kadutu, ambaye mama yake anauza sombe, aliendelea kudaiwa bordero ya benki, ile karatasi ya kuthibitisha malipo. Mwenye bahati akavuka mto Ruzizi kutafuta noti Kamembe, upande wa Rwanda. Akarudi na dola ishirini, noti moja imechanika kidogo pembeni, kama ukucha hivi. Karani wa chuo akaiinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Wanafunzi wote wanapokelewa. Dola iliyochanika, hapana.

Na wale ambao vita hivyo viliwakimbizia Burundi, wamo katika "wote"? Tangazo halisemi watafanya mtihani lini.

Neno "kabila" lenyewe tangazo limelikwepa kama motari, dereva wa pikipiki, anavyokwepa shimo la barabarani kule Essence. Ajabu, maana historia haikulikwepa. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini aliwapa Banyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, wiki moja waondoke. Tarehe 29 ya mwezi huohuo, mji ukiwa unaanguka mikononi mwa waasi wa AFDL na askari wa Rwanda, Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu aliuawa. Mei 2004 raia Banyamulenge waliuawa humu mjini, wengine wakakimbilia Cyangugu, Rwanda. Wiki moja haikupita, askari wa makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi wakauteka mji, wakapora, wakabaka.

Watoto wa nyumba hizo zote zilizolia wanabanana leo kwenye benchi moja, wakiazimana kalamu na kunakili silabusi moja. Wakati mwingine mmoja anapoongea kwa simu na nyumbani, anashusha sauti ili lugha yake isisikike. Tangazo limewaambia wapendane.

Rekta anaombwa mambo mawili tu: tarehe ya mtihani kwa waliokimbia, na jina la mtu ambaye mwanafunzi akitukanwa kwa ajili ya pua yake atamwendea, pamoja na namba ya mlango wake. Hayo yakiandikwa, yabandikwe kwenye valve ileile. Gundi italetwa na wadaiwa.