Yah: Choo Changu cha Miezi 14

Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nashukuru kwa mapokezi. Kila nilipokuja kuulizia kibali cha kujenga chumba kimoja na choo uani kwangu, nilikaribishwa kiti. Kile cha mbao, kilicholegea mguu mmoja, tumeshazoeana.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka mtu aombe kwanza, achimbe msingi baadaye. Nikaomba. Nikaleta ramani, hati, barua ya mwenyekiti wa mtaa. Afisa afya akatakiwa asaini choo, lakini alikuwa semina. Mhandisi yuko kikaoni. Kamati ikakosa akidi. Kisha faili likapotea, likaja kuonekana masjala chini ya chupa ya chai, na duara la kahawia limekaa pale pale ulipotakiwa muhuri wako. Nilifurahi, nikadhani nimeidhinishwa.

Nasikia shida ni upungufu wa watumishi. Sawa. Ila kodi ya jengo nakatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021, na haijawahi kukosa akidi hata mwezi mmoja.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mama, aliyetakiwa aje mjini kutibiwa. Ameshapona huko huko kijijini.

Lakini niseme ukweli, kuna siku mlinishangaza. Lori lilimwaga mchanga mlangoni kwangu, mchanga tu wa kupiga ripu jikoni. Saa mbili hazikupita, vijana wako hao! Gari lilikuwa na mafuta. Wakaandika ukutani kwa rangi nyekundu, SIMAMISHA UJENZI, wakaweka na X, na tarehe. Mwandiko mzuri, nikisema kweli. Ndilo jibu la kwanza la maandishi nililopata kwenu. Mmoja akabaki nyuma, akaninong'oneza, “Mzee, niangalie basi.” Nikamwangalia, kuanzia kofia mpaka viatu. Akaondoka akisema mimi mgumu kuelewa.

Wala sibishi kwamba choo ni jambo la hatari. Lile ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lililoporomoka Machi 29, 2013 na kuua watu 36, lilipanda sakafu kwa sakafu, mchana kweupe, katikati ya jiji. Huenda rangi nyekundu haipandi ngazi.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, ombi langu si tena kibali. Naomba yule kijana mwenye ndoo ya rangi ahamishiwe kitengo cha vibali, na wale wa vibali wapewe ndoo. Choo changu kitasainiwa kabla ya saa sita mchana, na ukuta wangu hautaandikwa tena mpaka nifukiwe.

Wako katika ujenzi wa taifa (kibali kinashughulikiwa),

Mwenye Choo Mtarajiwa

Nakala: Chupa ya chai, Masjala, kwa utekelezaji.