Ombi la Kuteuliwa Kuwa Kiti: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa wa Tiketi

Mheshimiwa sana, Mtukufu, Mlezi wa Mageti na Mwenye Dhamana ya Tiketi za Mechi Kubwa zote zinazochezwa kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam,

Shikamoo. Kama shikamoo haifiki huko juu uliko, pokea asalaam aleikum. Kama nayo imezuiwa na walinzi, basi Tumsifu Yesu Kristo, pole na majukumu, na itifaki yote izingatiwe. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Siku za mechi upeo huo huishia kwenye kisogo cha mtu aliyenitangulia foleni, kwa hiyo usihuzunike ukisikia kwamba sikuoni.

YAH: OMBI LA KUTEULIWA KUWA KITI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua una mambo mengi. Najua pia kwamba barua hii itasomwa na karani, ataicheka, kisha ataiweka chini ya kikombe cha chai. Hilo haliipunguzi heshima yangu kwako hata chembe. Sisi wa huku tukiwaandikia wakubwa hatutegemei majibu. Tunategemea tu wasikasirike.

Kwa utambulisho, mimi ni mkazi wa Kinyerezi, huku kwenye mitambo ya gesi inayozalisha umeme wa taifa. Kinyerezi ya Pili peke yake ilijengwa iwe na uwezo wa megawati 240. Sikutajii hilo kwa kujivuna. Nataka tu ujue kwamba umeme ulipokatika nikiwa katikati ya kununua tiketi ya Simba na Yanga, ulikatika kwa heshima zote, ukiwa jirani kabisa na kwao. Timu ninayoishabikia naomba nisiitaje, usije ukanihamishia geti.

Nianze kwa kukushukuru kwa kutuondolea adha ya tiketi za karatasi. Zamani tulikuwa tunapanga foleni dirishani tangu alfajiri, tunasukumana, tunarushiwa maneno na mgambo, lakini ukitoka pale umeshika kitu mkononi. Leo, kwa busara zako, foleni imehamia ndani ya simu. Haionekani, haina mwanzo wala mwisho, na huwezi hata kumwomba aliye nyuma yako akushikie nafasi ukanywe maji. Nilibonyeza kwa unyenyekevu mkubwa. Nikachagua mechi. Nikachagua jukwaa, na hapo nikaruka VIP A, VIP B, VIP C na viti vya rangi ya machungwa kwa kuinamisha macho, nikatua mzunguko ambako ndiko kwetu. Nikaingiza namba ya siri. Ujumbe wa kwanza ukasema muamala umefanikiwa. Ujumbe wa pili ukasema muamala haukufanikiwa, tafadhali jaribu tena baadaye. Zote mbili zilitoka kwa wakubwa, sikutaka kuzigombanisha.

Nikapiga huduma kwa wateja. Nilipigiwa muziki mzuri, nikausikiliza wote, na ulipoisha ukaanza upya. Hatimaye binti mmoja mwenye sauti ya upole akanishukuru kwa uvumilivu wangu, jambo ambalo mke wangu hajawahi kunishukuru, akaniambia pesa yangu itarudi ndani ya saa 72. Mechi ilikuwa kesho yake jioni. Maana yake, Mheshimiwa, elfu tano yangu ingerudi nyumbani baada ya mpira kwisha, imelala vizuri huko ilikolala, haijaona goli hata moja.

Nakupongeza vilevile kwa kutoa ajira kwa vijana. Siku ya mechi mfumo ulisema nafasi za mzunguko zimekwisha, nami nikaamini, kwa sababu mimi ni mtu wa kuamini mifumo. Nilipofika nje ya uzio, nikakuta kijana amevaa jezi ya klabu moja na kofia ya klabu nyingine, mkononi ana kadi za kuingilia uwanjani amezipanga vizuri kuliko karani wa benki. Mzunguko anao. Machungwa anayo. VIP B anayo, na anakuuliza ungependa upande gani. Nikamuuliza kwa adabu amezipata wapi ilhali zimekwisha. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee wangu, unataka mechi au unataka historia?" Bei yake ilikuwa mara tatu ya ile uliyoitangaza wewe. Watu wenye nia mbaya wanamwita mlanguzi. Mimi naona ni ofisi yako ndogo ya nje, ile pekee ambayo haijawahi kuniambia nijaribu tena baadaye.

Kwa bei hiyo ya huruma nikanunua, nikaenda getini. Kijana wa zamu akaigusisha kadi kwenye mashine, taa ikawaka nyekundu. Akaipangusa kadi kwenye suruali yake, akaigusisha tena. Nyekundu. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi rambirambi, akasema, "Baba, kadi ni nzima, ila haina mechi." Nyuma yangu umati ulikuwa unasukuma, mbele yangu chuma hakitikisiki, na ndani uwanja mzima ukapiga kelele ya goli. Nilijua ni goli. Sikujua ni la nani. Nikashangilia kidogo, kwa tahadhari.

Mheshimiwa, ningekuwa mtu wa kulalamika ningesema kisa hiki ni changu peke yangu. Lakini kila nikikumbuka mambo yaliyowapata wenye tiketi halali, naona Mungu alinipenda. Mei 8, 2021 mechi ya watani, Simba na Yanga, ilipangwa saa 11 jioni, ikasogezwa hadi saa 1 usiku siku hiyohiyo ya mechi. Yanga wakasimamia saa 11 yao, wakafika, wakapasha misuli, wakaondoka. Mpira haukuchezwa hadi Julai 3. Waliokuwa jukwaani siku ile walipewa jioni nzima ya kutazama nyasi, na nyasi, naambiwa, zilikuwa katika kiwango bora.

Ikaja Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia mechi, Simba walisema wamekwenda uwanjani kufanya mazoezi wakazuiwa getini. Nakiri kwamba niliposikia hivyo nilijiona ndugu yao wa damu. Klabu kubwa hivyo, yenye basi, makocha na daktari wa timu, inazuiwa geti lilelile ninalozuiwa mimi mwenye ndala! Simba wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi siku yenyewe, Yanga wakafika uwanjani wakakuta hakuna wa kucheza naye. Watu walikuwa wamesafiri kutoka mikoani, wamelala kwa ndugu, wameshaahidi kurudi Jumapili. Mechi ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa. Kuanzia Machi hadi Juni mwenye tiketi alikuwa amejifunza subira ambayo wengine huitafuta kwa kufunga na kusali, na wewe uliitoa kwa bei ya kiingilio tu.

Katikati ya subira hiyo ikaja fainali. Fainali ya Afrika, Mheshimiwa, Simba na RS Berkane ya Morocco, Kombe la Shirikisho, mchezo wa marudiano Mei 25, 2025. Huku Kinyerezi wengine walikuwa wameshaweka akiba ya nauli: daladala ya kupita Segerea na Tabata hadi Buguruni, nyingine hadi TAZARA, zilizobaki ni hatua za miguu. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, wakaitazama nyasi ya kwa Mkapa, hawakuridhika nayo, fainali ikavuka bahari hadi Amaan, Zanzibar. Kutoka uwanja wa watu 60,000 ikahamia uwanja wa watu takribani 15,000. Sisi tukaambiwa tusiwe na wasiwasi, kuna boti. Simba walitoka 1-1, Berkane wakachukua kombe kwa jumla ya 3-1, na mimi niliyatazama hayo yote katika kibanda umiza, nimebanwa kati ya vijana wawili wenye viwiko vikali. Naomba nikiri hapa kwamba mwenye kibanda alipokea mia tano yangu, akaniingiza, na mpira ukawepo. Sijui anatumia mfumo gani. Pengine wataalamu wako wangemtembelea.

Ni pale kibandani nilipoanza kuvifikiria viti.

Uwanja wetu wa Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, na tangu siku hiyo viti vimehudhuria mechi zote. Havijawahi kuulizwa kadi. Havina simu, havina namba ya siri, havijui maana ya muamala. Mageti yanapofunguliwa vinakuwa vimeshafika, na mechi ikiahirishwa havina nauli ya kudai. Zaidi ya yote, vina mtetezi. Oktoba 1, 2016, watani walipotoka 1-1 na mashabiki wakang'oa viti, Serikali ilikasirika kweli kweli, ikazifungia klabu zote mbili kuutumia uwanja. Nchi nzima ilijadili viti kwa uchungu.

Mei 28, 2023, kwenye uwanja huohuo, Yanga walicheza na USM Alger ya Algeria mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho. Watu walikanyagana wakati wa kuingia. Shabiki mmoja akafariki, wengine wakajeruhiwa. Hapa, Mheshimiwa, naiweka kando heshima yangu kwa muda mfupi, nitaichukua tena sentensi ijayo. Mechi ilichezwa hadi mwisho, Yanga wakafungwa 2-1.

Nikalinganisha hali ya kiti na hali ya shabiki, nikaona mwenye akili achague kiti.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, taadhima na magoti yote mawili chini, naomba uniteue kuwa kiti. Siombi makubwa. VIP A siitaki, huko viti vina mito na mimi mgongo wangu umezoea vigumu. Niwekwe mzunguko, upande wowote, nipigwe rangi itakayokupendeza, niandikwe namba mgongoni. Vumbi nitajifuta mwenyewe. Mvua ya masika naimudu, Kinyerezi barabara za mtaani zimenifundisha. Sitasimama goli likifungwa, sitazomea mwamuzi, sitauliza mechi inaanza saa ngapi, maana viti wenzangu wameniambia swali hilo halina faida. Kukaliwa nimezoea. Tena nitafurahi sana, kwa kuwa atakayenikalia atakuwa na tiketi halali, na kwa kweli nina hamu ya kumwona mtu huyo.

Nimeambatanisha barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho cha taifa na picha mbili ndogo, moja nimekaa na nyingine nimekunjwa. Mwenyekiti aliniuliza mara mbili kama nimefikiria vizuri. Nilipomweleza habari ya kadi isiyo na mechi, aligonga muhuri bila neno, akaniuliza kama kuna nafasi ya kiti cha pili.

Ningeweza kuomba jambo jingine. Ningeweza kuomba tiketi iuzwe kwa bei iliyotangazwa, kwa mtu mmoja tiketi moja. Mageti yote yafunguliwe tangu mapema, si mawili tu huku mengine yamefungwa kwa mnyororo. Taarifa ya kuahirisha itolewe kabla watu hawajapanda basi. Na pesa irudi kwenye simu siku hiyohiyo, kwa mwendo uleule iliotokea. Lakini sina tabia ya kuwatwisha wakubwa mambo yasiyowezekana. Kiti ni rahisi zaidi. Fundi mmoja, boliti nne, na mimi nitakuja na spana yangu.

Nina ombi dogo la muda tu. Mwaka 2027 tunapokea AFCON pamoja na Kenya na Uganda, na wageni watakuja kwa wingi na kadi zao na matumaini yao. Tafadhali nifungwe kabla ya hapo, boliti zikazwe, kwa sababu foleni ya siku hiyo sitaki kuwa binadamu ndani yake.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kinyerezi,
mwenye kadi nzima isiyo na mechi.